Mtoto wetu alilala daycare na hakuamka. Kabla hujasema nani achomwe, soma hii

Wakuu, hamjambo. Na akina mama mlio humu ndani, hamjambo pia.

Mimi ni yule mtu wa kusoma tu na kupita. Sijawahi kuanzisha uzi. Lakini wiki hii kuna mtu ameleta habari ya mtoto aliyefia kwa daycare, na karibu kila comment inasema huyo mama wa daycare afungwe, achomwe, anyongwe. Nimezisoma zote. Halafu nikaweka simu chini.

Basi naandika yangu. Ilinipata mimi mwenyewe, si ya jirani, si ya kutumiwa na mtu kwa group. Majina nimebadilisha. Mambo yenyewe yako venye yalikuwa. Pahali nimesahau nitasema nimesahau.

Niko kazini. Nauza kwa agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, hapa Nakuru town, kwa hivyo mkiona nimekatika, jueni kuna mkulima anataka dawa ya kupe.

Tunakaa estate ya Free Area, mtaa wa hapa hapa Nakuru. Mume wangu nitamwita Mwangi. Ni dereva wa lori, anabeba viazi kutoka Kuresoi na Molo kupeleka Nairobi.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa kijana. Tulimpa jina la baba ya Mwangi, venye desturi yetu Wakikuyu inataka. Njoroge. Mzee mwenyewe alishafariki, kwa hivyo mama mkwe wangu, anayekaa Bahati, nje kidogo ya town, alikuwa anamwita huyo mtoto "mume wangu". Akipiga simu hata mimi hanisalimii. "Mume wangu ameamka aje? Amekula?" Tulikuwa tunacheka sana na hiyo maneno.

Alikuwa mtoto mpole. Mashavu, kichwa kikubwa cha kwao. Akinyonya alikuwa anashika sikio lake mwenyewe, kama mtu anaongea na simu.

Leave ya uzazi ikaisha. Boss wangu si mtu mbaya, lakini duka ni duka. Mama mkwe ana ng'ombe na shamba, hawezi kuacha akuje kukaa town. Mama yangu mzazi sina. Nikaanza kutafuta daycare.

Ndio nikampata Mama Chela.

Huyu ni mama wa makamo, Mkalenjin wa Kuresoi, bwana yake alishaaga. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga kwa plot ya karibu na yetu. Kimoja analala, kingine ni cha watoto. Godoro chini zimefunikwa na plastiki ya maua ndio zipanguswe haraka, dirisha wazi, jiko iko nje kwa veranda ndio moshi isiingie kwa watoto. Nilienda Jumamosi moja nikakaa hapo mpaka nikachoka kutafuta makosa.

Kitu ilinifanya nimuamini ni kwamba hakunisifia mtoto. Wengine wote walikuwa wanasema "wow, handsome" halafu wanakuambia masharti. Yeye alimchukua tu, akamnusa kichwa, akaniuliza, "Huyu hulala aje?"

"Kwa mgongo. Kliniki walituambia mgongo."

"Hata kwangu ni mgongo," akasema. "Na sipendi blanketi nzito. Ukimletea nzito nitairudisha."

Nilimletea nzito. Akairudisha.

Njoroge alikaa kwake zaidi ya mwezi na hatukuwahi kukosana. Jioni nikimchukua alikuwa mkavu, ameshiba, ananuka mafuta ya mtoto.

Sasa, wiki yenyewe. Ilikuwa ile mvua ya kunyesha kila siku kuanzia mchana. Njoroge akapata homa, ile ya kamasi. Na kakikohozi kadogo, kakavu, ka mara moja moja. Nikampeleka kliniki. Nurse akamvua nguo, akahesabu pumzi yake, akasikiliza kifua mbele na nyuma.

"Kifua iko sawa, mama. Endelea kumnyonyesha, msafishe pua. Ukiona anapumua mbio, ama kifua inaingia ndani akivuta pumzi, ama amekataa kunyonya, usingoje kesho. Kuja."

Hayo yote hayakuonekana. Na hii ndiyo watu huniuliza sana, kwa hivyo naisema mara moja. Siku ile asubuhi alikuwa mzuri kuliko jana yake. Alinyonya pande zote mbili. Alimcheka babake akivaa viatu. Nimerudia hiyo asubuhi kwa kichwa mpaka imechakaa, na bado sijaona pahali ningesimama niseme, leo usiende.

Nilimpeleka kwa Mama Chela nikamwambia ana kamasi kidogo. Akasema atamuangalia. Nikaenda kazi.

Simu ilikuja baada ya lunch. Mama Chela hakuwa mtu wa kupiga simu, alikuwa ananitumia message fupi fupi. Nikiona tu ni yeye amepiga, nikaacha customer kwa counter nikashika.

"Mama Njoroge, kuja clinic ya hapa karibu na stage ya matatu. Kuja saa hii."

"Ameanguka?"

"Wewe kuja tu."

Nilitoka na dust coat ya duka. Nikapanda boda. Sikumbuki barabara.

Nilimpata Mama Chela kwa bench ya nje. Alikuwa na kiatu mguu mmoja, ule mwingine uko na matope mpaka juu. Alikuwa amekimbia na mtoto kwa mikono kutoka plot mpaka hapo. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mlango.

Ndani kulikuwa na clinical officer, kijana mdogo, shati imelowa jasho. Akasema, "Mama, tumejaribu."

Nikamuuliza, "Mmejaribu nini?"

Akasogea kando nipite. Njoroge alikuwa kwa kitanda, amefunikwa mpaka shingoni, kama mtu amelala. Nikaingiza mkono chini ya shuka nikamshika tumbo. Bado kulikuwa na joto kidogo.

Hapo sitaandika zaidi.

(Samahani, kulikuwa na customer. Naendelea.)

Mtoto akifa ghafla hivyo, polisi lazima wajue. Hilo sikuwa najua. Nilidhani unalia, unazika. Kumbe unaenda station na nguo ziko na maziwa, unaandikisha statement, unaulizwa umri, unaulizwa alikula nini, unaulizwa kama kuna mtu unamshuku.

Polisi walienda na Mama Chela.

Kabla jua kushuka, estate nzima ilikuwa imeshaamua. Eti aliwapatia watoto dawa ya kulala. Eti kuna mtu aliona chupa. Nani aliona? Hakuna anayejua. Wamama ambao asubuhi walikuwa wamemwachia watoto wao kwa mikono ndio walikuwa mbele. Walivunja mlango wake, wakatoa godoro mpaka barabarani, na potty, na sufuria. Kuna mtu alirekodi. Hiyo video ilizunguka kwa group ya estate na mimi nikiwa ndani ya hiyo group. Niliona plastiki ya maua kwa matope na watu wakiikanyaga.

Sisi tulikuwa Bahati kwa mama mkwe. Nyumba imejaa watu. Mama mkwe alikuwa amekaa kwa kiti kimoja tangu tufike, hainuki.

"Mtoto hafi hivi hivi," akasema. "Mtoto mzima, mnono, amelala mchana. Hafi hivi hivi. Kuna kitu alifanyiwa."

Ndugu ya Mwangi, nitamwita Karis, akasema huyo mama lazima aonje uchungu pia yeye. Akaongeza maneno ya kabila ambayo sitayaandika hapa. Sisi wa huku tuliona vita vya baada ya uchaguzi, tunajua hayo maneno yamewahi kupeleka watu wapi.

Mwangi hakumkataza. Mimi pia sikumkataza. Nilikuwa nimechoka namna ambayo sijawahi kuchoka, hata siku ya kujifungua. Na mniwie radhi, lakini kuna sehemu yangu ilikuwa inataka iwe ni Mama Chela. Ikiwa ni yeye, basi kuna jibu. Unaweza kulala na jibu.

Kuhusu postmortem, mama mkwe alikataa kabisa. Hakutaka mtoto akatwe. Polisi wakasema hiyo si ya familia kuamua, ni case. Leo nashukuru hatukuwa na nguvu ya kubishana nao.

Tulimzika Bahati, nyuma ya nyumba, karibu na babu yake. Ilikuwa asubuhi fupi. Kwa mtoto mdogo watu hawaongei sana. Walionipa mkono wengi walikuwa na neno moja, "Utapata mwingine." Wakuu, nawaomba, hata kama hamtachukua kitu kingine kwa uzi huu, wacheni kuambia watu hiyo. Hakuna mtu alikuwa anataka mwingine.

Mama Chela polisi walimwachilia, wakasema watangoja matokeo. Hakuwa na nyumba ya kurudi. Akaenda kwao Kuresoi.

"Ametoroka," Karis akasema. "Mtu hana makosa hatoroki."

Majibu yalichukua muda kwa sababu kuna vitu vilipelekwa Nairobi kupimwa. Nikarudi kazi. Maziwa ilikuwa bado inatoka, naweka kitambaa ndani ya nguo, nauza mbegu za sukuma. Mwangi akarudi barabarani. Tukikutana nyumbani tunaulizana kama kuna chumvi.

Siku tuliitwa, tuliingia sisi wawili kwa daktari wa mochari. Nilidhani nitapata mtu mkali. Tulipata mzee mmoja wa miwani, sauti ya chini, na yeye pia alionekana amechoka. Alitukalisha, akafunga mlango, akazima simu yake mbele yetu. Hiyo ya kuzima simu sijaisahau.

Akasema, "Nitawaambia kile najua, na nitawaambia kile sijui. Msichanganye hizo mbili."

Alianza na kile kila mtu alikuwa anangoja. Hakuna dawa ya kulala ilipatikana. Hakuna sumu. Hakuna mfupa umevunjika, hakuna alama kwa shingo ama kwa mdomo. Hakukuwa na maziwa imemkaba.

Halafu akasema, "Kwa mapafu, nilipata kitu."

Mwangi akasogea mbele.

"Kwa macho tu, mapafu yalikuwa karibu kawaida. Lakini nikiweka kipande kwa microscope, kwa zile njia ndogo za hewa, kulikuwa na dalili za infection. Ilikuwa inaanza, ama ilikuwa inaisha. Si nimonia ile ya kujaza kifua."

Nikamwambia nurse alisikiliza kifua akasema iko sawa.

"Na hakukosea. Hii mimi mwenyewe singeisikia."

"Kwa hivyo hiyo ndiyo ilimuua?" Mwangi akauliza.

Daktari akatoa miwani. "Hapo ndio naanza kusema sijui. Kuna watoto wengi sana hapa Nakuru wakati huu wa mvua wako na kitu kama hii kwa mapafu, na hakuna atakayekufa. Lakini sisi tunaofanya hii kazi, mara nyingi mtoto akifa ghafla akiwa amelala, tukiangalia tunapata kainfection kadogo kama haka. Kadogo sana kuua mtu peke yake. Lakini kako."

Akatueleza pole pole. Kwamba mtu akilala na pumzi ikapungua, kuna mahali kwa ubongo humshtua aamke avute hewa. Kwamba kwa watoto wa miezi michache hiyo sehemu bado inakomaa, na kwa wengine inachelewa, na hakuna mashine ya kukuambia mapema ni nani. Mtoto kama huyo akipata kitu kidogo cha kumsumbua pumzi, infection kidogo, ama moshi, ama joto nyingi, ama kulalia tumbo, anaweza kukosa kuamka. Hasikii uchungu. Anakosa tu kuamka.

"Ni kile tunafikiri," akasema. "Bado watu wanatafuta. Kwa ripoti nimeandika infection inaweza kuwa ilichangia. Siwezi kuandika ndiyo ilimuua. Nikiandika hivyo nitakuwa nawadanganya ndio mlale vizuri."

Nikamuuliza juu ya sindano ya chanjo aliyodungwa kliniki, kwa sababu jirani mmoja alikuwa ameniambia ni sindano. Akasema hapana, na akasema hiyo nisiibebe tena.

Mwangi akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya kwanza.

"Sasa daktari, nani alikosea?"

"Mzee," daktari akamwambia, na Mwangi si mzee, "mimi nimetafuta huyo mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Sijamwona."

Tulitoka nje tukakaa kwa ukuta wa parking. Mwangi akainamisha kichwa kati ya magoti. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone analia, hata kwa mazishi hakulia. Nafikiri alikuwa ameweka hasira kama chakula ya safari, na sasa amenyang'anywa.

Tulienda Bahati kuwaambia. Mwangi ndiye aliongea. Alijaribu kueleza venye tulielezwa, njia ndogo za hewa, ubongo, kuamka. Alichanganya kidogo lakini alifika.

Karis akasema daktari amepikwa, eti alipewa pesa aseme hivyo. Mwangi akamwambia, "Basi enda wewe umuulize." Hakuenda.

Mama mkwe akainuka akaenda kukama ng'ombe, na haikuwa saa ya kukama.

Sasa fikiria hii. Polisi walipata ripoti yao, wakafunga case. Sisi tulielezwa. Estate ilishasahau, kulikuwa na daycare nyingine imefunguliwa kwa plot hiyo hiyo. Lakini Mama Chela nani alimwambia? Hakuna mtu alikuwa na kazi ya kumwambia. Nilimpigia, simu haiko hewani. Nikakaa na hiyo wiki kadhaa. Nikiwa kwa counter naona tu kile kiatu kimoja.

Nikamwambia Mwangi nataka kwenda Kuresoi.

"Kufanya?"

"Kumwambia."

Alikasirika. Akasema huyo mama si mtu yetu, hatumdai na yeye hatudai. Nikaenda kuosha vyombo. Sina nguvu za kugombana siku hizi. Baada ya muda, akiwa anafunga kamba za lori, akasema bila kuniangalia, "Kesho napakia upande wa huko. Kama unakuja, kuja."

Tulienda na lori. Baridi ya Kuresoi mnaijua, ukungu mpaka mchana. Tuliuliza kwa soko, tukaelekezwa, tukaacha lori kwa barabara kwa sababu njia ilikuwa matope. Mwangi akasema atangoja hapo.

Nilimpata shambani na wamama wengine, wanachimba viazi. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama wima na jembe mkononi, halafu akaangalia nyuma yangu, njiani. Nikaelewa. Alikuwa anaangalia kama nimekuja na polisi.

"Niko peke yangu," nikamwambia. "Mama Chela, niko peke yangu."

Wale wengine wakaacha kuchimba. Hakuna mtu alinisalimia.

"Umekuja kuniuliza?" akasema.

"Nimekuja kukuambia."

Akanipeleka kando kwa magunia. Tukakaa. Nikamwambia yote, venye daktari alisema, kile anajua na kile hajui. Nilikuwa najaribu nisipunguze na nisiongeze. Alisikiliza akiwa anapangusa matope kwa vidole, kimoja baada ya kingine.

Kisha akaanza kuniambia na yeye, bila mimi kumuuliza.

"Nilimlaza kwa mgongo. Nilimfunika na ile nyepesi, mpaka hapa kwa kifua. Akalala vizuri. Kulikuwa na mwingine amejichafua, nikambadilisha. Nikageuka nikaona rangi yake si rangi." Akapangusa kidole kingine. "Najiuliza, kama ningegeuka kwanza kwake. Kama ningeacha yule mwingine na mavi yake. Kila siku najiuliza hiyo."

"Mimi hujiuliza kama ningebaki nyumbani siku hiyo."

"Na daktari anasema aje?"

"Anasema hajui kama ingesaidia."

Akatingisha kichwa. "Kwa hivyo si kwamba si mimi."

"Si kwamba ni wewe."

Nilikuwa nimedhani atafurahi, ama atalia, ama atanitukana kwa sababu ya nyumba yake. Badala yake akaniuliza kitu sikutarajia.

"Mlimzika wapi?"

Nikamwambia Bahati, karibu na babu yake.

"Hakuna mtu aliniambia," akasema. "Nilimbeba kila siku, na sijui hata alivaa nini."

Nikamwambia alivaa nini. Hapo ndio tukalia, sisi wawili, kwa magunia, na wale wamama wakaangalia upande mwingine kwa heshima.

Nilipoinua kichwa Mwangi alikuwa amesimama kwa mpaka wa shamba, viatu vimejaa matope. Sijui alifika saa ngapi. Akavua kofia. Akasema, "Mama Chela. Pole. Na kwa hiyo maneno ya nyumba yako pia, pole."

"Nawe pole, Baba Njoroge," akajibu.

Hakuna mtu alikuwa amemwita hivyo tangu tuzike.

Jumapili nyingine, Mama Chela alikuja Bahati. Mwangi ndiye alienda kumchukua town. Nilikuwa nimemwambia mama mkwe tangu asubuhi. Hakusema aje na hakusema asije. Karis aliposikia hakutokea siku hiyo.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Alisimama pale kwa kaburi muda mrefu, akasema maneno ya lugha yao ambayo sikuelewa, na sikumuuliza. Tulipogeuka kurudi, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono ndani ya leso. Nikaogopa. Nilijua venye anaweza kuongea.

Walisalimiana kwa mkono. Mama mkwe hakuachilia ule mkono.

"Wewe ndiye ulikuwa unakaa na yeye mchana," akasema.

"Ndio, mama."

"Mimi nilimwona Jumapili tu. Huyu mamake alikuwa anamwona asubuhi na jioni." Akaukaza ule mkono. "Mchana alikuwa anafanya nini?"

Wakuu, Mama Chela aliangalia chini, halafu akaanza kuongea. Na huyu ni mtu haongei. Akasema plot yao kuna fundi wa nguo, na Njoroge akisikia cherehani imeanza alikuwa ananyamaza, hata kama analia, anageuza kichwa pole pole akitafuta iko wapi. Akasema kulikuwa na kasichana fulani ka daycare kalikuwa kanampigia makofi, na yeye anacheka mpaka anapata kwikwi. Akasema wiki ile ya mwisho alikuwa ameanza kujigeuza, anafika nusu, mkono unamshinda, anarudi.

Mimi sikuwa najua ameanza kujigeuza. Mimi mamake. Nilikuwa nasikia hiyo kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe alivuta kiti cha jikoni akamkalisha. Akamwekea chai. Akakaa karibu yake, magoti yakigusana, akasema, "Endelea."

Ndio hivyo. Sina mwisho mwingine wa kuwapatia.

Mama Chela hakurudi Free Area na simlaumu. Bado yuko Kuresoi, huwa tunapigiana simu. Mimi na Mwangi tuko pamoja. Tumechoka, lakini siku hizi tunaongea juu ya vitu zaidi ya chumvi. Karis bado anasema daktari alipikwa.

Nilichojifunza si kingi. Lazeni watoto kwa mgongo, msiwafunike sana, msiwaweke karibu na jiko ama sigara, na wakiwa na homa na wanapumua mbio wapelekeni hospitali, msingoje mtu awaambie. Hizo zinapunguza hatari, daktari alisema, lakini hazifungi mlango kabisa. Sisi tulifanya hizo zote. Kukiwa na postmortem msikatae, hata kama roho inauma, kwa sababu bila ile mimi leo ningekuwa namchukia mtu aliyemkimbiza mtoto wangu kliniki na kiatu kimoja.

Na kwa ule uzi mwingine, wa yule mama wa daycare. Mimi sijui alifanya nini. Labda alikosea kweli, wako wanaokosea. Lakini na nyinyi hamjui. Ngojeni daktari aongee.

Kama kuna mtu humu alipoteza mtoto namna hii, ya kulala na kukosa kuamka, ningependa kusikia. Mlielezwa nini? Kulikuwa na homa ama kikohozi kabla? Na mnalala aje siku hizi? Andikeni tu, hata kama ni mstari mmoja. Nitasoma zote nikitoka kazi.